Mwanya

Saulėtekis, maana yake mawio.
Lakini huku chini ya ardhi, Vilnius, mwezi wa Januari,
hakuna jua ila hili tulilolifungia kwenye sanduku la chuma,
nalo huwaka kwa vipande,
kila kipande kifupi hivi
kwamba kufumba na kufumbua, kando yake,
ni umri wa mlima.

Jorūnė anasogeza kioo upana wa unywele.
Ndivyo tunavyonunua muda hapa: kwa safari.
Mwale wa kwanza unakwenda kugonga,
wa pili tunaupitisha njia ndefu kidogo
uchelewe, ukute kelele zimeshaanza,
uchungulie, urudi kusimulia.

Na kelele ni hizi.
Ndani ya fuwele, utando usioonekana ukiugeuza ubavu,
elektroni imekurupushwa na nuru,
imeruka mwanya
(ndivyo tunavyouita, mwanya,
kama ule wa meno ya mbele, unaosifiwa)
na pale ilipokuwa pamebaki pengo.
Usidhani pengo limetulia.
Jirani akihamia kulijaza, lenyewe linahamia kwa jirani.
Lina mwendo wake, lina uzito wake,
na kwenye daftari, kitu hiki ambacho hakipo
tunakiandikia alama ya kujumlisha.

Elektroni nayo imeruka kupita kiasi, ina homa.
Inagawa: teke kwa atomu hii, kiwiko kwa ile,
na atomu, zilizopangwa kama gwaride,
zinatikisika bega kwa bega.
Tikiso hilo ndilo joto. Hakuna kingine.
Chaji imeshatoka mbio, imevuka mpaka wa punje;
joto limebaki nyuma
linapapasa ukuta, linatafuta mlango.
Moto huzaa jivu, na jivu huzolewa.
Hili halina koleo.

Ijumaa alimzika bibi yake, Kazimiera, huko Dzūkija.
Ardhi ilikuwa jiwe. Waliwasha moto juu yake
usiku kucha, ndipo sururu ikaingia.
Jumatatu alifika maabara kabla yangu.
Sikusema pole. Nilimletea chai
na kumuuliza habari za lenzi.

Saa tisa usiku grafu ikatukataa.
Kabla ya mwale wa kwanza kugonga,
mstari hupaswa kulala sifuri.
Haukulala. Ulikuwa umeinuka kidogo,
kana kwamba fuwele imeota kitakachokuja.
Tukakagua nyaya. Tukakagua mabomba ya maji ya kupozea.
Nikasema Profesa Daugirdas atacheka,
atasema tumepima mkono wetu wenyewe.

Jorūnė akanyamaza, kidevu mezani,
kisha akasema, si kwangu hasa:
"Haijaota. Inakumbuka.
Tunaigonga mara laki mbili kila sekunde.
Haijapoa, tunaigonga.
Haijapoa, tunaigonga."

Akapunguza mapigo. Katika kila mia, akaacha moja.
Ikawa kazi ya kungoja, sisi na feni ya kompyuta,
nukta moja, kikombe kizima cha chai,
nukta nyingine.
Na mstari ukashuka.
Ukalala.
Halafu ndipo tukaona tulichokitafuta tangu Septemba:
chaji mbele, nyembamba, imeshapita,
na joto limekwama mpakani,
linavuja upande wa pili
kama mtu anayehamisha nyumba kijiko kwa kijiko.

Nilitaka kupiga kelele. Yeye alikuwa anavaa koti.
"Jiko la bibi lilikuwa la vigae," alisema,
"lina benchi la udongo ubavuni.
Moto ulizimika saa nne za usiku.
Asubuhi benchi lilikuwa bado na joto.
Paka alijua. Mimi nilidhani kuna mtu amechochea."

Akazima sanduku la chuma mwenyewe.
"Kesho siji. Wala keshokutwa."

Nikafungua daftari, nikaandika tarehe,
unene wa utando, idadi ya mapigo.
Nikaandika: muda wa kupoa,
nukta mbili,
na mbele yake nikaacha wazi.